Ndugu wa "Billie Jean": mpiga dramu wa Marekani aliyebeba jina letu



Leo nina swali dogo. Wimbo wa "Billie Jean" wa Michael Jackson mnaujua. Umepigwa kwenye harusi za Ukunda, kwenye disko za Diani na ndani ya matatu zinazotoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Kabla Michael hajafungua kinywa, kabla hata gitaa la besi halijaingia, kuna mapigo ya dramu peke yake. Mtu akisikia mapigo matatu manne tayari ameshautambua wimbo, na miguu imeshaanza kutikisika. Je, ni nani aliyepiga dramu zile?

Nimeuliza swali hili barazani mara kadhaa. Wengine husema ni Michael mwenyewe. Wengine husema ni mashine. Wengi hucheka tu na kuniambia, "Sasa mpiga dramu anajulikana na nani?"

Aliyepiga ni Ndugu. Simaanishi ndugu yangu wala ndugu yako. Ndugu ndilo jina alilojulikana nalo: Leon "Ndugu" Chancler, Mmarekani mweusi, mpiga dramu wa jazz. Alibeba neno la lugha yetu maisha yake yote ya kazi, akaliandikisha kwenye albamu za watu wakubwa wa muziki duniani, na sisi wenye lugha tukawa hatuna habari naye. Nataka leo nimweleze ni nani, jina lilimfikaje, na kwa nini maisha yake yanatuhusu sisi wa Kwale, watu ambao ngoma tumezaliwa nazo.

Mtoto aliyetolewa darasani

Leon Chancler alizaliwa tarehe 1 Julai 1952 katika mji wa Shreveport, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Familia yao ilikuwa kubwa. Mwaka 1960 wakahamia Los Angeles, kama walivyohama watu weusi wengi wa kusini kutafuta kazi na kukimbia ubaguzi.

Alianza kupiga dramu akiwa na miaka 13. Mwenyewe alikuwa akikumbuka kwamba mwalimu alimtoa nje ya darasa kwa sababu hakuacha kugongagonga dawati kwa vidole. Alipofika nje akaanza kugonga nguzo za ukumbini. Nani kati yetu hajamwona mtoto wa namna hiyo? Huku kwetu anaitwa mtukutu, anachapwa kofi, mambo yanaishia hapo.

Miaka hiyo mitaa ya watu weusi ya Los Angeles ilikuwa na moto, na moto wenyewe si wa maneno tu. Mwezi Agosti 1965 mtaa wa Watts ulilipuka kwa ghasia baada ya polisi kumkamata kijana mmoja dereva. Ghasia zilikwenda siku sita na watu 34 wakafa. Miaka miwili baadaye, 1967, ilifunguliwa upande huo shule ya sekondari iliyopewa jina la Alain Locke, msomi mweusi. Shule ile ikaja kusifika kwa muziki. Mwalimu wake mmoja, Reggie Andrews, alifundisha hapo kwa miaka mingi, na wanafunzi waliopita mikononi mwake wakaja kuwa wanamuziki wa kutajwa: mpiga kinanda Patrice Rushen, mpiga saksafoni Gerald Albright, na huyu Chancler wetu.

Angali mwanafunzi, Chancler alikuwa tayari akipiga na bendi za watu wazima, ikiwemo ya Willie Bobo, bingwa wa ngoma za Kilatini. Lakini hakuacha masomo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Dominguez Hills, akachukua shahada ya ualimu wa muziki. Shikeni jambo hilo la ualimu, tutalirudia.

Kiswahili kilifikaje kwenye jazz?

Mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Basi kwa nini mtu wa Los Angeles ajiite kwa Kiswahili?

Jibu liko kwenye siasa za wakati ule. Mwaka 1965 kilianzishwa Los Angeles chama kilichoitwa US, kikiongozwa na Maulana Karenga. Huyo ndiye aliyebuni sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, na jina lake alilitoa kwenye maneno "matunda ya kwanza". Karenga alichagua Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu hakikuwa lugha ya kabila moja. Ni lugha ya watu wengi, na nchi zinazokisema ndiyo kwanza zilikuwa zimetoka kupata uhuru. Mtu aliyenyang'anywa lugha ya babu yake na asijue hata ilikuwa ipi, alipewa hii awe nayo.

Ndani ya mkumbo huo alikuwamo kijana aliyepiga tumba, James Forman, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Yeye alijiita Mtume. Naam, Mtume. Sisi Waislamu wa Pwani jina hilo hatulichezei, na hakuna mzazi wa Msambweni angemwita mwanawe hivyo. Lakini wao walikuwa wakichukua maneno kwa maana yake, bila adabu zinazokwenda nayo, na hatuwezi kuwalaumu kwa jambo wasiloambiwa.

Mtume ndiye aliyewatia wenzake hamu ya majina haya. Mwaka 1970 ilitoka albamu iliyoitwa "Kawaida", ya mjomba wa baba... la, niseme vizuri: ya baba yake mdogo Mtume, mpiga dramu Albert Heath, ambaye naye alijipa jina la Kuumba. Mpiga piano Herbie Hancock alikuwamo kwenye albamu hiyo, na tangu hapo akajiita Mwandishi, kwa kuwa ni mtunzi. Kikundi chake kizima kikafuata. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali. Bennie Maupin akawa Mwile. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, na hilo lilimkaa barabara maana alikuwa daktari kweli, amesomea udaktari na kutibu wagonjwa wa akili. Mpiga tromboni Julian Priester akapewa Pepo Mtoto. Wallahi hapo nilicheka. Kwetu sisi mtu akiitwa Pepo Mtoto watu hawatatafuta tiketi ya kwenda kumsikiliza, watatafuta ubani. Bahati nzuri Mganga alikuwa amesimama karibu.

Tarehe 31 Desemba 1970, mjini San Francisco, Hancock alirekodi albamu aliyoiita "Mwandishi". Kwenye wimbo wa kwanza, aliomtunzia mwanaharakati Angela Davis, alitaka wapiga dramu wawili. Mmoja alikuwa Jabali. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 18 aliyeandikwa Leon "Ndugu" Chancler. Nyimbo nyingi za dansi huhesabiwa kwa mapigo manne: moja, mbili, tatu, nne, halafu unarudi. Wimbo ule unahesabiwa kwa mapigo kumi na tano. Jaribu kuhesabu hadi kumi na tano huku ukipiga makofi usipotee. Kijana wa miaka 18 alikaa kwenye kiti akaishika hesabu ile kwa zaidi ya dakika kumi.

Jazz yao na jazz yetu

Hapa niweke sawa jambo moja kwa vijana. Wazee wetu wakisema "jazz" hawamaanishi muziki wa Hancock. Kwetu jazz ni jina la bendi ya dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932. Ukivuka mpaka pale Lunga Lunga ukaenda Tanga, ulikuwa unakutana na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi ambazo redio za nyumba nyingi za Vanga na Msambweni zilizifahamu. Mwaka 1964 ikaanza NUTA Jazz, ambayo leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Muziki wao ni gitaa, rumba na mashairi ya Kiswahili. Jina la jazz lilikuja kwa sababu lilikuwa na heshima ya kisasa.

Jazz ya Marekani ni kitu kingine. Ilikulia New Orleans, katika jimbo lilelile la Louisiana alikozaliwa Chancler. Moyo wake ni kubuni papo hapo: wanamuziki wanakubaliana juu ya wimbo na hesabu, halafu kila mmoja anasema lake bila kuharibu la mwenzake. Na anayewaweka pamoja ni mpiga dramu.

Dramu zenyewe zina habari. Zamani, kwenye bendi za kutembea barabarani, kila ngoma ilikuwa na mtu wake: mmoja anapiga ile kubwa, mwingine ile ndogo, wa tatu anagonganisha matoazi. Bendi zilipoingia ukumbini nafasi ikawa ndogo na pesa ikawa ndogo zaidi. Ikabuniwa pedali ya mguu, na kampuni ya Ludwig ikatengeneza yake mwaka 1909. Mtu mmoja akaweza kukaa kitini na kufanya kazi ya watatu. Matoazi bora yalikuwa ni yale ya Istanbul, yaliyofuliwa tangu karne ya 17 na ukoo wa Zildjian, Waarmenia waliokuwa chini ya dola ya Uthmaniyya. Kwa hiyo chombo tunachokiita cha Marekani kina mkono wa Ulaya, wa Uturuki na wa mtu mweusi wa kusini aliyeviunganisha.

Mtu wa Kwale halimpi shida jambo hili. Chukua sengenya ya Wadigo. Kuna nzumari inayoongoza, kuna upatu, kuna ngoma za ukubwa mbalimbali. Au chukua chakacha: vumi linanguruma chini, chapuo inachangamsha juu, msondo unajibu. Kila mpigaji ana pigo lake dogo, na pigo moja ukilisikiliza peke yake halina maana kubwa. Maana inatoka pale yanapofungamana. Mpiga dramu wa jazz amechukua kundi hilo zima akaligawa kwenye mikono miwili na miguu miwili. Mguu wa kulia ndio vumi lake. Mkono wa kushoto ndio chapuo. Mkono wa kulia uko kwenye toazi, unagonga kama upatu. Mguu wa kushoto unafungua na kufunga matoazi mawili yaliyosimamishwa pembeni. Viungo vinne, kazi nne, na kichwa kimoja kinachosikiliza wengine.

Na Miles, na Santana

Baada ya Hancock, milango ilifunguka. Mwezi Oktoba na Novemba 1971 mpiga tarumbeta Miles Davis, jina kubwa kuliko yote kwenye jazz ya wakati ule, alizunguka Ulaya na kikundi chake. Kwenye dramu alikuwa Chancler, miaka 19. Kwenye tumba alikuwa James Mtume. Hebu fikiri: Ndugu na Mtume kwenye jukwaa moja mbele ya watu wa Ulaya. Mtu wa kwetu angeisoma orodha ya wachezaji akadhani bendi imetoka Kisauni.

Akaenda kwa Carlos Santana, mpiga gitaa mwenye asili ya Mexico. Kwenye albamu ya "Amigos" ya 1976, Chancler hakupiga dramu tu, bali alishiriki kutunga. Mwaka 1975 alirekodi "Tale Spinnin'" na kikundi cha Weather Report, ingawa hakujiunga nacho. Akakaa muda mrefu na mpiga kinanda George Duke. Akawa na bendi yake mwenyewe, The Chocolate Jam Company. Jazz, soul, muziki wa Kilatini, kote alikuwa nyumbani.

Nataka msomaji aone mtu huyu alikuwa amefikia wapi ilipofika 1982. Ni mtu anayeweza kupiga hesabu ya kumi na tano. Amefuatana na Miles Davis, ambaye muziki wake wa miaka ile ulibadilika kila usiku. Ni fundi aliyekamilika.

Pigo jepesi kuliko yote

Mwaka huo wa 1982, mwaka ambao huku kwetu Them Mushrooms walitupa "Jambo Bwana", mtayarishaji Quincy Jones alikuwa Los Angeles akimalizia albamu ya Michael Jackson, "Thriller". Wimbo mmoja ulikuwa na mapigo ya mashine. Mashine haikosei, lakini haipumui pia. Akaitwa Ndugu aje apige dramu za kweli juu yake.

Alipiga nini? Dramu ya mguu kwenye moja na tatu. Dramu ndogo kwenye mbili na nne. Matoazi ya mkono yanakwenda sawasawa katikati. Basi. Ni pigo ambalo mwanafunzi wa dramu hufundishwa wiki ya kwanza. Na akalipiga hivyohivyo tangu mwanzo hadi mwisho, karibu dakika tano, bila mbwembwe.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Fundi wa kiwango chake angeweza kuonyesha ujuzi. Angetia pambo hapa, mshindo pale, ili watu waulize "nani huyo?" Hakufanya. Aliuelewa wimbo unataka nini, akaupa hicho tu. Lakini sikiliza vizuri: kila pigo lina uzito uleule, liko mahali palepale, na bado linakwenda kama mtu anayetembea, si kama saa ya ukutani. Kupiga pigo jepesi kwa dakika tano na likabaki hai ni kazi ngumu kuliko kupiga magumu. Muulize mpiga vumi yeyote wa harusini. Wa chapuo anaweza kucheza na kurembesha. Wa vumi akiteleza, ngoma nzima inaanguka.

Fundi wa sauti Bruce Swedien amepata kusimulia kwamba wimbo ule ulichanganywa mara 91 kabla hawajaridhika, na mwishowe wakarudi kuchukua mchanganyiko wa pili. Albamu ikatoka Novemba 1982. Mpaka leo "Thriller" ndiyo albamu iliyouzwa zaidi duniani. Sidhani kuna binadamu mwingine mwenye jina la Kiswahili ambaye mapigo yake yamesikika na watu wengi kiasi hicho.

Mwaka huohuo alifanya jambo la pili ambalo wanamuziki wetu walijue. Akiwa na mwalimu wake wa zamani, Reggie Andrews, alitunga wimbo wa "Let It Whip". Uliimbwa na Dazz Band, ukashika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya muziki wa watu weusi Marekani, na ukawapatia waimbaji hao tuzo ya Grammy.

Angalieni tofauti. Kwenye "Billie Jean" alikuwa fundi aliyeitwa: anafanya kazi, analipwa ujira wa kazi. Kwenye "Let It Whip" alikuwa mtunzi, na mtunzi ana haki kila wimbo unapopigwa redioni, mwaka nenda mwaka rudi. Mwanafunzi na mwalimu walikaa pamoja, wakatunga kitu, wakakiandikisha kwa majina yao.

Mwalimu mpaka mwisho

Na ule ualimu niliosema tutaurudia ndio uliomalizia maisha yake. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, na kila mara alikuwa mwalimu kwenye mafunzo ya jazz yanayofanyika Stanford wakati wa likizo. Mtoto aliyetolewa darasani kwa kugonga dawati akawa ndiye mwenye darasa.

Alifariki Los Angeles tarehe 3 Februari 2018, akiwa na miaka 65. Ugonjwa ulikuwa saratani ya tezi dume. Wanaume wenzangu mliopita arubaini, hapa sina mzaha: ugonjwa huu hukaa kimya muda mrefu, na watu weusi unawapata zaidi. Nendeni mkapimwe. Haya ya mwanaume yasimzikishe.

Sisi na wapigaji wetu

Sasa nirudi nyumbani. Najua kuna ndugu zangu katika imani watakaouliza muziki unatuhusu nini. Masheikh wametofautiana juu ya ala tangu zamani, na makala haya hayawezi kuamua. Lakini hata anayekataa gitaa hukaa kwenye maulidi yenye dufu, na kwenye harusi za kina mama hutuma mchango wa ngoma. Ngoma ziko kwetu, na watu wanazila jasho. Swali langu ni tunawatendeaje.

Kuna kijana wa Ukunda ninayemfahamu anayepiga dramu kwenye hoteli moja ya pwani. Ananiambia watalii humpigia makofi kila usiku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutajiwa jina lake. Bendi hutangazwa kwa jina la hoteli. Mvua za Aprili zikija na wageni wakipungua, yeye na wenzake ndio wa mwanzo kuambiwa wapumzike. Hana mkataba, hana wimbo ulioandikishwa kwa jina lake, ingawa pigo analolipiga kwenye nyimbo tatu za bendi amelibuni yeye kutoka kwenye sengenya ya kwa bibi yake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunamtunza vipi? Tunamtupia noti harusini, basi. Jina lake hatulijui, na akifa pigo lake tunalizika naye.

Kutokana na maisha ya Chancler naona mambo matatu yanayowezekana bila kungoja serikali iteremke na mfuko wa pesa.

La kwanza ni kuandika majina. Tunajua kwamba Ndugu ndiye wa "Billie Jean" kwa sababu moja tu: jina lake liliandikwa. Vijana wanaorekodi Ukunda, Kwale mjini na Msambweni, mnapoweka wimbo mtandaoni andikeni nani amepiga dramu, nani chapuo, nani nzumari. Ni mstari mmoja. Wanaorekodi wazee wa sengenya kwa simu wafanye hivyohivyo, na waandike na kijiji.

La pili ni haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mtumbuizaji, yaani mwimbaji na mpigaji. Kuna vyama vya kukusanya mirabaha, kwa watunzi na kwa watumbuizaji. Malalamiko juu ya malipo yapo, na nimeyasikia. Lakini asiyejisajili hata pa kulalamikia hana. Na bendi zikikaa kutunga, zipatane mapema nani ni mtunzi. Pigo lililoujenga wimbo nalo ni utunzi, lizungumzwe kabla pesa haijaonekana, maana ikishaonekana undugu hupungua.

La tatu, ambalo kwangu ndilo zito, ni mwalimu. Chancler hakuokotwa barabarani na mtu wa Hollywood. Alikuta shule, kwenye mtaa uliotoka kuungua, na ndani ya shule mtu aliyeona kwamba kugonga dawati si utovu wa adabu. Mtaala wetu mpya umeweka mkondo wa sanaa na michezo kwenye sekondari ya juu. Karatasi ipo. Swali ni shule ngapi za Kwale zitafungua mkondo huo, na nani atafundisha. Tunao wazee wanaoweza kumkalisha mtoto chini akajua tofauti ya vumi na msondo kwa saa moja, lakini hawana cheti, kwa hivyo mlango wa shule hawauoni. Bodi za shule na wazazi wanaweza kuwaalika, hata kama ni mara moja kwa wiki, na wakawalipa nauli na kitu cha mkononi. Mtoto ajifunze kuhesabu, kusikiliza na kungoja zamu yake. Asipokuwa mwanamuziki, hizo tatu hazitamtupa.

Hayo ndiyo niliyonayo. Ukiusikia wimbo ule tena, iwe harusini au garini, mwambie aliye karibu nawe jina la aliyepiga dramu. Halafu muulize anamjua kwa jina mpiga vumi wa mtaani kwao. Kama hamjui, jioni hiyohiyo apite akamuulize.

Wabillahi tawfiq.